Ujifunzaji shirikishi wa mashine

Ujifunzaji shirikishi wa mashine ni njia ya kufundisha modeli moja ya akili bandia kwa kutumia data za watu au taasisi nyingi bila data hizo kukusanywa mahali pamoja. Hospitali, benki au wenye simu hawatumi kumbukumbu zao kwenye kompyuta kuu. Modeli yenyewe hupelekwa kule data ziliko, hujifunza huko, kisha hurudishwa mabadiliko ya namba zake za ndani tu. Namba hizo huitwa parameta, na ndizo zinazobeba yale ambayo modeli imejifunza.

Njia hii peke yake hailindi siri kikamilifu, wala haihakikishi kwamba kila mshiriki amefanya kazi yake kwa uaminifu. Kwa sababu hiyo huunganishwa na mbinu za kriptografia, yaani elimu ya kuandika na kukokotoa kwa siri, na mara nyingine na blokucheni, yaani daftari la pamoja ambalo maandishi yake hayawezi kubadilishwa kimyakimya. Ugumu wa fani hii unatokana na mvutano wa mahitaji mawili: kadiri mchango wa mshiriki unavyofichwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kuukagua.

## Kwa nini data hazikusanywi pamoja

Kompyuta inayojifunza inahitaji mifano mingi. Ili modeli itambue kifua kikuu katika picha za eksirei, lazima ionyeshwe picha nyingi za wagonjwa na za wasio wagonjwa. Hospitali moja mara nyingi haina picha za kutosha. Hata ikiwa nazo, zimetoka kwa watu wa eneo moja na pengine kwa mashine ya aina moja, hivyo modeli iliyofundishwa hapo huweza kukosea sana ikipelekwa kwingine. Hospitali 20 zikiungana, tatizo hilo hupungua. Lakini picha ni za wagonjwa, na siri ya mgonjwa si mali ya hospitali hata iigawe itakavyo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba inatosha kufuta majina. Katika miaka ya 1990 Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichukua kumbukumbu za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts ambazo majina yake yalikuwa yameondolewa. Alizilinganisha na orodha ya wapiga kura aliyoinunua, akaitambua kumbukumbu ya gavana William Weld kwa tarehe yake ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Mwaka 2006 kampuni ya filamu ya Netflix ilitoa hadharani alama ambazo wateja wake walizipa filamu, bila majina. Watafiti Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba mtu aliyezitaja filamu chache mahali pengine kwenye intaneti anaweza kupatikana ndani ya orodha hiyo.

Sheria nazo zimekaza. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika mwaka 2018. Kenya na Uganda zilipata sheria zao za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizi zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya mipaka ya nchi. Kwa mtafiti wa Nairobi na mwenzake wa Dar es Salaam wanaotaka kufundisha modeli moja kwa kumbukumbu za wagonjwa wao, ni vyepesi zaidi kusafirisha modeli kuliko kusafirisha kumbukumbu, ingawa kutosafirisha data hakumwondolei mtu wajibu wote wa kisheria.

## Historia

Wazo la watu kukokotoa pamoja bila kuonyeshana siri zao ni la zamani kuliko akili bandia ya leo. Mwaka 1982 Andrew Yao aliuliza swali: matajiri wawili wanawezaje kujua nani ana mali nyingi zaidi, bila yeyote kumtajia mwenzake kiasi alicho nacho? Alionyesha kwamba inawezekana, na swali hilo likazaa tawi zima la kriptografia.

Wazo hilo lilitoka kwenye karatasi za wanahisabati likaingia sokoni nchini Denmark, Januari 2008. Wakulima wa viazisukari walikuwa wakiuziana haki za kulima zao hilo, na bei ilipaswa kupatikana kwa kujumlisha zabuni zao wote. Mnunuzi wa mazao yao alikuwa kampuni moja tu, na wakulima hawakupenda kampuni hiyo ijue kila mmoja yuko tayari kuuza kwa bei gani. Zabuni za wakulima wapatao 1,200 zilifungwa kwa siri na kukokotolewa na kompyuta za pande tatu: kampuni, chama cha wakulima na watafiti. Bei ya soko ilitoka, zabuni za mmoja mmoja hazikuonekana na yeyote.

Kwa upande wa ujifunzaji wa mashine, Reza Shokri na Vitaly Shmatikov walichapisha mwaka 2015 njia ya washiriki kadhaa kufundisha mtandao wa neva bandia kwa kupeana sehemu tu ya mabadiliko ya parameta. Mwaka 2016 Brendan McMahan na wenzake wa kampuni ya Google walieleza kanuni ambayo imebaki kuwa msingi wa fani hadi leo. Mwaka uliofuata Google ilitangaza kwamba inaijaribu kwenye Gboard, kibodi ya simu za Android: simu hujifunza maneno ambayo mwenye nayo huandika, lakini hufanya hivyo ikiwa imetulia, imeunganishwa na umeme na inatumia mtandao usiolipiwa kwa kipimo.

## Jinsi inavyofanya kazi

Kazi huenda kwa duru. Mwanzoni mwa duru seva huwapelekea washiriki nakala ya modeli. Kila mmoja huifundisha kwa data zake mwenyewe, kisha hurudisha parameta zilizobadilika. Seva hutafuta wastani wao, na wastani huo ndio modeli mpya inayoanza duru inayofuata. Duru huweza kufika mamia au maelfu.

Wastani wenyewe huzingatia wingi wa data za kila mshiriki. Tuseme parameta moja, baada ya kufundishwa katika hospitali A yenye picha 100, imekuwa 0.6, na katika hospitali B yenye picha 300 imekuwa 0.8. Wastani hautakuwa 0.7. Utakuwa (100 × 0.6 + 300 × 0.8) ÷ 400, yaani 0.75. Modeli halisi ina mamilioni ya parameta, na hesabu hii hufanyika kwa kila moja.

## Siri zinavyovuja

Wengi husikia kwamba data hazitoki mahali zilipo, wakaona mambo yamekwisha. Hapana. Mabadiliko ya parameta ni kivuli cha data zilizoyasababisha, na kivuli huonyesha umbo.

Mfano mdogo unatosha kulionyesha jambo hili. Chukua modeli rahisi inayozidisha umri wa mgonjwa kwa parameta moja, kisha inajumlisha parameta ya pili. Modeli ikikosea, kanuni ya kujifunza huibadilisha parameta ya pili kwa kadiri ya kosa, na ile ya kwanza kwa kadiri ya kosa mara umri. Tuseme seva imepokea mabadiliko ya 17 kwa parameta ya kwanza na 0.5 kwa ya pili, kutoka kwa mshiriki aliyetumia mgonjwa mmoja. Gawanya 17 kwa 0.5, na jibu ni 34. Huo ndio umri wa mgonjwa, ambao hakuna aliyeutuma.

Katika mitandao mikubwa hesabu si nyepesi hivyo, lakini mlango ni uleule. Mwaka 2019 Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han wa MIT walionyesha kwamba kutokana na mabadiliko ya parameta pekee inawezekana kuzirudisha picha zilizotumika kufundisha, karibu kama zilivyokuwa, hasa zikiwa chache. Miaka miwili kabla yao Shokri na wenzake walikuwa wamethibitisha hatari nyingine: kwa kuiuliza maswali modeli iliyokwisha kufundishwa, mtu anaweza kukisia kama kumbukumbu fulani ilikuwa miongoni mwa zile zilizoifundisha. Ikiwa modeli ni ya wagonjwa wa maradhi fulani, kujua kwamba jirani yako alikuwamo ni kujua maradhi yake.

## Mbinu za kuficha

### Ujumlishaji salama

Seva haihitaji kujua mchango wa kila mshiriki. Inahitaji jumla tu. Mwaka 2017 Keith Bonawitz na wenzake wa Google walichapisha utaratibu unaoipa seva jumla bila kuipa sehemu zake, na kiini chake kinaweza kufuatwa kwa hesabu za shule ya msingi.

Hospitali tatu zina namba 12, 7 na 20. Kila jozi inakubaliana kwa siri namba ya kubahatisha. Hospitali A na B zinachagua 31, A na C zinachagua 50, B na C zinachagua 8. Katika kila jozi mmoja anajumlisha namba hiyo, mwingine anaitoa. A inatuma 12 + 31 + 50, yaani 93. B inatuma 7 − 31 + 8, yaani −16. C inatuma 20 − 50 − 8, yaani −38. Seva ikiitazama 93 haiwezi kuijua 12 iliyomo. Lakini 93 − 16 − 38 ni 39, na 12 + 7 + 20 pia ni 39. Namba za kuficha zimefutana zenyewe.

Jozi hukubaliana namba zao kwa njia ya Whitfield Diffie na Martin Hellman ya mwaka 1976, inayowawezesha watu wawili kupata siri moja hata kama mazungumzo yao yote yanasikilizwa. Shida hutokea simu ya mmoja ikizimika katikati ya kazi, kwa kuwa namba alizokuwa azitoe hazitoki na jumla nzima huharibika. Hapo hutumika njia ya Adi Shamir ya mwaka 1979 ya kugawa siri vipande. Siri huwekwa kama mahali ambapo mstari mnyoofu unakata mhimili wima. Ikiwa siri ni 5 na mstari ni y = 5 + 3x, washiriki watatu hupewa nukta (1, 8), (2, 11) na (3, 14). Nukta moja haisemi lolote, kwani mistari isiyo na idadi hupita hapo. Nukta mbili zinatosha kuuchora mstari na kuipata 5. Kwa hiyo mmoja akipotea, wenzake wawili huweza kuirudisha siri yake na hesabu ikaendelea. Katika matumizi halisi hesabu hizi hufanywa kwa baki za kugawanya kwa namba tasa kubwa, ili nukta moja isitoe hata fununu.

### Usimbaji fiche wa homomofiki

Usimbaji fiche wa kawaida hufanana na sanduku lenye kufuli: ukitaka kufanya kazi na kilichomo, lazima ulifungue. Usimbaji wa homomofiki huruhusu hesabu kufanywa sanduku likiwa limefungwa.

Jambo hili lilionekana mapema katika mfumo wa RSA wa mwaka 1977. Kwa namba ndogo za darasani, ufunguo wa umma huwa 3, ufunguo wa siri 7, na kila jibu huchukuliwa kama baki ya kugawanya kwa 33. Kusimba ni kupandisha namba kwa kipeo cha 3: namba 2 inakuwa 8, na namba 4 inakuwa 64, ambayo baki yake ni 31. Mtu asiye na ufunguo wa siri anazidisha 8 kwa 31 na kupata 248, ambayo baki yake ni 17. Mwenye ufunguo anaipandisha 17 kwa kipeo cha 7 na kupata baki ya 8, ambayo ni 2 × 4. Aliyezidisha hakujua anazidisha nini.

RSA ya namna hiyo huzidisha tu. Mfumo wa Pascal Paillier wa mwaka 1999 hujumlisha, na kwa kutafuta wastani wa parameta hilo linatosha. Kufanya yote mawili bila kikomo kulibaki fumbo kwa takriban miaka 30, hadi Craig Gentry alipolifumbua mwaka 2009 katika tasnifu yake ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2017 watafiti wa Korea Kusini walileta mfumo wa CKKS unaofaa kwa namba zenye desimali, na ndio unaotumika sana katika akili bandia.

Gharama yake ni muda na nafasi: namba iliyosimbwa huchukua nafasi kubwa kuliko namba yenyewe, na hesabu huenda polepole mno. Lipo pia swali la nani anashika ufunguo. Ikiwa seva ndiyo yenye ufunguo, usimbaji wote huo haukumficha mtu chochote.

### Faragha tofautishi

Mbinu mbili zilizotangulia huficha michango, lakini haziifanyi modeli ya mwisho inyamaze. Faragha tofautishi, iliyoasisiwa na Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith mwaka 2006, huongeza bahati nasibu ndani ya jibu ili kuwepo au kutokuwepo kwa mtu mmoja kusibadilishe matokeo kwa kiasi cha kuonekana.

Mzizi wake uko katika hila ya watakwimu ya tangu miaka ya 1960. Wanafunzi 1,000 wanaulizwa kama wamewahi kunakili katika mtihani. Kila mmoja anarusha sarafu bila kuonwa. Ikianguka kichwa anajibu ukweli. Ikianguka upande wa pili anairusha tena, na sarafu ndiyo inayomjibia: kichwa ni ndiyo, upande wa pili ni hapana. Anayejibu ndiyo hawezi kushtakiwa, kwani huenda ni sarafu iliyosema. Hata hivyo mwenye kuhesabu anajua kwamba takriban 250 ni "ndiyo" za sarafu. Akipata "ndiyo" 400, zinabaki 150, nazo zimetoka kwa nusu tu ya wanafunzi waliojibu ukweli. Kwa hiyo walionakili ni wapatao 300.

Mwaka 2016 Martín Abadi na wenzake waliiingiza mbinu hii katika ufundishaji wa mitandao ya neva: kila mchango hupunguzwa usizidi kiwango fulani, kisha hutiwa namba za kubahatisha. Bei yake hulipwa kwa usahihi wa modeli, na wanaoumia zaidi ni makundi madogo. Wagonjwa wachache wa maradhi adimu huweza kumezwa na kelele hiyo hadi modeli isijifunze lolote kuwahusu.

## Udanganyifu na uthibitisho

Mpaka hapa washiriki wamedhaniwa kuwa waaminifu. Mshiriki mmoja mwenye nia mbaya anaweza kutuma namba za uongo ili modeli iharibike, au ifanye vizuri kwa wote isipokuwa pale anapotaka yeye. Mwingine anaweza kutofundisha kabisa, akatuma namba za kubuni ili apate sehemu yake ya malipo. Hata seva inaweza kudanganya kwa kuacha michango ya baadhi ya watu na kudai imejumlisha yote.

Dawa moja ni kuilinganisha michango na kuitupa iliyo mbali na mingine. Njia iitwayo Krum, iliyochapishwa mwaka 2017, huchagua mchango ulio karibu zaidi na wenzake. Lakini hapa ndipo mvutano uliotajwa mwanzoni unapojitokeza. Ili kuilinganisha michango lazima ionekane, na ujumlishaji salama umeificha. Katika mfano wa hospitali tatu, kama C ingetaka kudanganya na kuiita namba yake 20,000 badala ya 20, seva ingepokea 19,942 kutoka kwake, namba isiyo ya ajabu kuliko nyingine yoyote iliyofunikwa kwa siri. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa imemkinga na mdanganyifu.

Kriptografia ina jibu, nalo ni uthibitisho usiofichua siri. Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha mwaka 1985 kwamba mtu anaweza kumthibitishia mwenzake kwamba jambo ni kweli bila kumpa habari nyingine yoyote. Mshiriki kwanza huifunga namba yake katika ahadi ya kihisabati, kama mtu anavyoweka karatasi ndani ya bahasha na kuitia lakiri: hawezi tena kuibadilisha, na mwingine hawezi kuisoma. Kisha hutoa uthibitisho kwamba namba iliyomo ndani haizidi, tuseme, 100. Hospitali C ya mfano wetu ingeshindwa hapo.

Mfumo uitwao Prio, uliobuniwa na Henry Corrigan-Gibbs na Dan Boneh mwaka 2017, hufanya kazi kwa njia ya jamii hii: kila mtu hugawa jibu lake vipande kwa seva mbili au zaidi, pamoja na ushahidi kwamba jibu liko ndani ya mipaka, na seva hukagua ushahidi huo bila kuliona jibu. Ulitumika Marekani wakati wa janga la UVIKO-19 kukusanya takwimu za programu za simu zilizokuwa zikiwatahadharisha watu kwamba wamekaribiana na mgonjwa.

Kuthibitisha kwamba namba iko ndani ya mipaka ni rahisi kiasi. Kuthibitisha kwamba mshiriki amefundisha modeli nzima kwa kufuata kanuni hatua kwa hatua ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa kutengeneza uthibitisho huchukua muda mwingi kuliko kufundisha kwenyewe. Kwa modeli ndogo inawezekana. Kwa modeli kubwa za leo bado ni mada ya utafiti.

Na hata uthibitisho mkamilifu una mpaka wake. Unaonyesha kwamba hesabu imefanywa sawasawa juu ya data fulani. Hauonyeshi kwamba data hizo ni za kweli. Daktari aliyeandika "ana kifua kikuu" kwa mgonjwa mzima atatoa uthibitisho safi kabisa juu ya kosa lake, na hakuna hisabati itakayomgundua. Atagunduliwa na daktari mwingine.

## Nafasi ya blokucheni

Blokucheni huingia pale ambapo washiriki hawataki kumwamini mmoja wao kuwa mwenye seva. Msingi wake ni heshi, yaani hesabu inayobadilisha andiko la urefu wowote kuwa namba fupi ya urefu uleule daima. Katika heshi iitwayo SHA-256 ni biti 256. Herufi moja ikibadilika katika andiko, heshi yote hubadilika. Stuart Haber na Scott Stornetta walipendekeza mwaka 1991 kuyaunganisha maandishi kwa kuweka ndani ya kila moja heshi ya lililotangulia, ili anayetaka kubadilisha la zamani alazimike kubadilisha yote yaliyofuata. Mtu au kundi lililotumia jina la Satoshi Nakamoto lilitumia wazo hilo katika sarafu ya Bitcoin, iliyoelezwa mwaka 2008. Mwaka 2015 Ethereum iliongeza mikataba janja, yaani programu zinazoendeshwa na daftari lenyewe bila msimamizi.

Katika ujifunzaji shirikishi modeli haiwekwi ndani ya blokucheni. Modeli ya parameta milioni moja, kila moja ikichukua baiti 4, ina megabaiti 4, na kuinakili kwa kila mshiriki katika kila duru kungelijaza daftari haraka. Kinachowekwa ni heshi ya kila mchango, sahihi ya aliyeutuma, uthibitisho wake na heshi ya modeli iliyopatikana. Mtu akija baadaye kudai kwamba mchango wake uliachwa, au kwamba modeli ilibadilishwa baada ya kukubaliwa, daftari huamua. Mkataba janja huweza pia kugawa malipo kwa wale tu ambao uthibitisho wao umepita.

Mfano unaojulikana zaidi ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021 na watafiti walioongozwa kutoka Bonn, Ujerumani, pamoja na kampuni ya Hewlett Packard Enterprise. Katika mfumo wao hakuna seva ya kudumu. Blokucheni ya wanachama waliosajiliwa huandikisha washiriki, na katika kila duru huchagua mmoja wao awe mjumlishaji. Waliujaribu kwa saratani ya damu, kifua kikuu, UVIKO-19 na maradhi ya mapafu, wakitumia sampuli za damu zaidi ya 16,400 kutoka tafiti 127 na picha za eksirei za kifua zaidi ya 95,000. Modeli za pamoja zilifanya vizuri kuliko zile za kituo kimoja kimoja. Ulaya vilevile, kampuni 10 za dawa zilishirikiana kati ya mwaka 2019 na 2022 katika mradi wa MELLODDY kufundisha modeli za kukisia tabia za molekuli, huku kila kampuni ikizificha molekuli zake kwa wapinzani wake wa biashara. Shughuli zilizofanywa juu ya data ziliandikwa katika blokucheni ya wanachama.

Blokucheni husifiwa kuliko inavyostahili. Haifichi kitu, kinyume chake, kila kilichoandikwa humo huonekana na wanachama wote, na faragha yote hutoka katika mbinu zilizoelezwa juu. Pale washiriki wanapojuana na wana mkataba wa kisheria, daftari la kawaida lenye sahihi za kidijitali linalotunzwa na mmoja wao na kukaguliwa na wengine mara nyingi hutosha, tena kwa gharama ndogo. Kutobadilika kwake nako huwa mzigo: sheria nyingi za ulinzi wa data humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, na daftari lisilofutika haliwezi kumtimizia haki hiyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka humo heshi badala ya taarifa zenyewe, ingawa wanasheria wanabishana kama heshi ya taarifa za mtu nayo ni taarifa za mtu.

## Matumizi makubwa

Utafiti wa uvimbe hatari wa ubongo uitwao glioblastoma, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusisha vituo 71 katika mabara 6 na wagonjwa 6,314. Modeli ya pamoja iliuchora mpaka wa sehemu ya uvimbe inayolengwa na upasuaji kwa ubora uliozidi kwa asilimia 33 ule wa modeli iliyofundishwa kwa data za wazi pekee. Mwaka 2021 taasisi 20 za nchi mbalimbali zilikuwa zimefundisha kwa njia hiyohiyo modeli ya kukadiria mahitaji ya oksijeni ya wagonjwa wa UVIKO-19 wanapofika hospitalini.

Kazi nyingi za namna hii huchukua sehemu tu ya kinga zilizoelezwa hapa. Hospitali zinazojuana huona mikataba na ujumlishaji wa kawaida vinawatosha, kwa kuwa kila safu ya kriptografia huongeza muda, vifaa na wataalamu wa kuviendesha. Kituo chenye kompyuta dhaifu na umeme unaokatika huondoka katika duru kabla ya kumaliza, na picha za wagonjwa wake hukosekana katika wastani.